Kitenge cha Senene

Ukifika Nyakahanga ukasikia mwanamke anacheka mpaka bodaboda wanageuza shingo, usiulize ni nani. Ni Eustadia, Mama Edgar, fundi cherehani wa barazani kwangu. Mimi ni Mwajabu, Mama Abdillah, mwenye duka la vitambaa. Mimi nauza kitambaa ndani, yeye anakishona nje, na katikati ya hapo tunateta kutwa nzima. Baba yangu alitoka Tanga na mzigo wa khanga, akaja kuuza huku, akaoa huku, akazikwa huku. Kwa hiyo mimi ni mtu wa Karagwe kabisa, ila mdomo wangu, wanasema, umebaki Tanga. Sikatai.

Nataka kueleza habari za Mama Edgar kwa sababu watu wa hapa wamezieleza sana, na wengi wamezieleza vibaya. Ruhusa ameniachia mwenyewe. "Waambie, Mama Abdillah," alisema, "lakini usinifanye malaika." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Malaika gani anaazima mkasi wa mwenzake wiki nzima, akiulizwa anasema hajauona na huku ameukalia?

Kazaliwa Kimuli, kule Kyerwa, kwenye nyumba ya migomba na kahawa. Na kuanzia utoto wake alikuwa mbishi. Huku kwetu kuna senene, wale panzi wa kijani wanaoshuka kwa wingi mvua za mwezi wa kumi na moja zikishika. Zamani mwanamke wa Kinyambo au wa Kihaya hakula senene. Anaamka asubuhi na umande, anawaokota kwenye nyasi, anawanyonyoa mbawa na miguu, anawakaanga, halafu anampelekea mume. Mume anakula, na kwa shukrani anamnunulia mkewe nguo mpya. Na mwanamke akithubutu kuonja, walisema, mtoto wake atazaliwa na kichwa kilichochongoka mbele kama cha senene. Basi Eustadia akiwa binti mdogo alikula bakuli zima mchana kweupe, mbele ya baba yake, halafu akaomba na chumvi. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Watoto watatu aliowazaa baadaye wana vichwa vizuri tu, vya mviringo, isipokuwa Edgar, na huyo kichwa amerithi kwa baba yake.

Baba yake Edgar, mume wa Eustadia, ndiye Anatory. Mkulima, Mlutheri, mwimbaji wa besi kwenye kwaya ya usharika. Akiimba, madirisha ya kanisa yanatetemeka. Mtu mwema sana, sina la kumsema kwa wema. Yeye na mkewe wanakula senene kwenye bakuli moja, hana habari na mwiko. Lakini ile mila ya nguo ameishika kwa mikono miwili. Kila msimu anakuja dukani kwangu, anasalimia, na anakwenda moja kwa moja kwenye kitenge kibaya kuliko vyote. Sijui jicho lake lina nini. Nikiwa na jora lenye rangi ya tope la barabarani, ndilo atakaloliona.

"Shemeji," namwambia, "mkeo ni fundi. Watu wanatoka mpaka Songambele kuja kumuuliza rangi ipi iwapendeze. Mwulize basi anapenda kipi. Yuko hapo nje, hatua tatu."

"Namjua mke wangu," anasema. "Nikatie hiki."

Mama Edgar anakipokea, anashukuru kwa magoti, anakivaa Jumapili moja kanisani ili mumewe afurahi, kisha anakikata. Foronya za nyumbani kwake zote ni vitenge vya senene. Kifuniko cha cherehani ni kitenge cha senene. Mkoba wa shule wa Jenifa, mtoto wa mwisho, ni kitenge cha senene. Tulikuwa tunacheka mpaka tunaegemeana.

Basi huyo ndiye mwanamke ninayemsema. Sasa sikilizeni lililompata.

Alipomzaa Jenifa, moyo wake ulichoka. Si wa huzuni, moyo wenyewe, unaosukuma damu. Siku chache baada ya kujifungua, miguu ilivimba, akawa hawezi kulala chali, anahema kama amepanda mlima. Hospitali walisema moyo umetanuka. Alipona kwa dawa na kwa rehema za Mungu, na daktari, mama mmoja mtaratibu anaitwa Ainembabazi, alimweka chini akamwambia: "Mama Edgar, usibebe tena mimba. Safari ijayo moyo huu unaweza usiamke." Akawekewa kijiti mkononi cha kuzuia uzazi, akarudi barazani kwangu, akacheka tena.

Tatizo la kijiti ni kwamba hakipigi kelele muda wake ukiisha. Mwaka juzi, mwezi wa kumi, Mama Edgar alikuwa anashona sare za kwaya, akainuka, akatapika nyuma ya duka langu. Akarudi, akaketi, akaniangalia. Sisi wanawake hatuhitaji kuambiana. Nikasema, "Ya Rabi." Yeye akavuta sare, akaendelea kushona.

Walikwenda kwa Daktari Ainembabazi yeye na mumewe. Daktari alipima, akasikiliza ule moyo kwa muda mrefu. Kisha akawaeleza bila kuficha. Mimba bado changa. Ikiendelea, kuna hatari kubwa ya mama kufa, pengine kabla ya kujifungua, pengine baada. Pengine pia akapona, hawezi kuapa. Sheria ya nchi hairuhusu mimba itolewe hivi hivi, lakini inaruhusu pale maisha ya mama yanapokuwa hatarini, na hapa yako hatarini. "Mimi kazi yangu ni kukueleza," alimwambia Mama Edgar. "Uamuzi ni wako. Ila usikae nao sana."

Kabla hajamaliza, Anatory akasimama. "Itoeni, daktari. Leo hii. Niweke sahihi wapi?"

Mama Edgar naye akasimama, akachukua mkoba wake, akatoka. Alitembea kwa miguu toka hospitali hadi dukani kwangu, mumewe nyuma anamwita. Akaingia, akafunga mlango wa duka na wateja wamo. Nikawatoa wateja kwa mlango wa uani.

"Ameniamulia," alisema. "Mama Abdillah, ameniamulia kama anavyoniamulia kitenge."

"Anakupenda, anaogopa kukukosa."

"Najua ananipenda! Nani kasema hanipendi? Mimi ndiye ninayekufa au kupona, mimi ndiye ninayebeba, na hakuna aliyegeuka kuniangalia usoni."

Nilikuwa na maneno mengi mdomoni. Mnanijua. Na msimamo wangu nilikuwa nao, kwamba roho ya mama mwenye watoto watatu kwanza, mengine baadaye. Nilifungua mdomo. Akaniwekea kidole.

"Usinishauri. Nipe chai."

Nikampa chai. Jamani, ile chai ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Alikunywa taratibu, kisha akaniambia kitu ambacho sijakisahau. "Watu wanadhani anayefikiria kuitoa hana upendo nayo. Mimi naipenda. Tangu nilipotapika hapo nyuma nimeipenda. Na Edgar nampenda, na Yustus, na Jenifa bado hajui hata kufunga kamba za viatu. Sasa nifanyeje na mapenzi yote haya?" Akalia. Na mimi nikalia, kitu ambacho sifanyi mbele ya watu.

Upande wa pili alikuwepo mama mkwe wake, Mama Benadeta. Huyu naye msimwone mbaya. Mwanamke wa sala, mwembamba, kichwani kitambaa cheupe siku zote. Anatory alimweleza, na yule mama akamwambia mwanawe kavukavu: "Nimebeba mimba tisa. Nimezika watoto watatu. Siwezi kuketi nikakubali wa nne azikwe kwa mkono wetu wenyewe. Mungu aliyempa atamtunza." Hakupiga kelele. Alikuwa anaamini kila neno.

Kwa hiyo nyumba ikawa na watu wawili wanaompenda Mama Edgar, mmoja anamvuta huku, mwingine kule, na yeye katikati ananyamaza. Kicheko kikakatika barazani. Hata bodaboda waliniuliza fundi anaumwa nini.

Ndipo senene wakashuka.

Hakuna asiyefurahi senene wakishuka. Watoto wanakimbia majanini na ndoo, wakubwa nao wanajifanya wanawasimamia watoto. Asubuhi moja Jenifa na kaka zake walirudi na ndoo imejaa. Bibi yao akawanyonyoa senene pamoja nao, wakakaangwa na vitunguu, harufu ikajaa nyumba. Bakuli likapitishwa. Likafika kwa Mama Edgar, yule yule aliyekula mbele ya baba yake akaomba na chumvi. Akaziba mdomo kwa kiganja, akalisukuma bakuli, akatoka nje.

Mama Benadeta akaona. Akapiga makofi. "Mawe, mama yangu! Ameshika mwiko!" Machozi yakamtoka yule mama. Kwa akili yake jambo lilikuwa wazi: mwanamke asiyeogopa senene maisha yake yote leo anawakataa. Anamlinda mtoto. Ameamua kuzaa.

Kesho yake mapema alikuwa dukani kwangu, amevaa viatu vya kanisani.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Nipe khanga nzuri ya mbeleko. Mkwe wangu ameamua, Bwana asifiwe."

"Amekwambia?"

"Amekataa senene. Waitu, unataka aseme nini zaidi?"

Nilijua kabisa kwamba mkwe wake juzi alikataa hata chai yangu ya tangawizi. Lakini nilikuwa nimejiapiza kutomsemea. Nikashika jora la khanga, nikaliachia. "Mama, leo siuzi mbeleko," nikasema. Tangu nizaliwe sijawahi kumkatalia mteja. Yule mama alinitazama kama nina homa, akaenda zake kwa jirani yangu Abdulghani, akanunua kule. Iliniuma.

Saa hiyo hiyo akaingia Anatory, macho mekundu. Habari zimemfikia, maana nusu ya kwaya ilikwishaanza kumpongeza.

"Mama Abdillah, mwambie. Wewe anakusikia. Mwambie anataka kuniachia watoto watatu na cherehani."

"Shemeji, umemuuliza?"

"Nimwulize nini? Amekataa senene!"

Nikamtazama. Besi nzima ile, bega pana lile, na akili yake imekaa kwenye bakuli la panzi. "Nenda nyumbani," nikamwambia, "kabla sijakupiga na hii fimbo ya kupimia."

Jumapili baada ya ibada walinialika chakula. Nilijua ninaalikwa ili nimshawishi, na kila upande ulidhani niko upande wake. Ndizi zilikuwa zimepikwa laini na maharage, na katikati ya meza, limefunikwa kwa kitambaa cheupe, bakuli la senene. Pembeni ya Mama Benadeta, imekunjwa vizuri, ile khanga ya mbeleko. Watoto walikuwa uani.

Mama Benadeta alisali sala ndefu ya kushukuru. Alishukuru kwa mjukuu anayekuja. Anatory hakusema amina. Mama Edgar alisubiri sala iishe, akafunua bakuli, akachota senene kiganja kizima, akatia mdomoni.

Akatafuna. Tulisikia kila senene akivunjika. Akameza. Akachota tena.

Mama Benadeta akaweka mkono kifuani. Na Anatory, masikini ya Mungu, uso ukamng'aa. Akaruka kwenye kiti. "Asante Yesu! Kwa hiyo umekubali! Kesho asubuhi twende kwa daktari!"

Mama Edgar akapiga meza. Ndizi ziliruka, wallahi.

"Na wewe!" alisema. "Na wewe pia! Juzi nilikuwa natapika. Chai ilinishinda, maji yalinishinda, senene wakanishinda. Mkakichukua kichefuchefu changu mkakifanya jibu. Leo tumbo limetulia, nina njaa, nimekula. Hilo nalo jibu? Mnasoma bakuli! Wiki tatu mnasoma sahani yangu, mnasoma uso wangu, mnamtuma Mama Abdillah, mnanisalia sala. Nimekaa humu humu ndani. Nina mdomo. Mbona hakuna aliyeniuliza?"

Mimi niliangalia ndizi zangu. Nilitaka kushangilia, nikajizuia.

Anatory aliketi tena, polepole. Alifuta uso kwa viganja viwili. Mtu anayetetemesha madirisha ya kanisa, sauti ilitoka ndogo sana.

"Mama Edgar," alisema. "Wewe unataka nini?"

Basi mke wake akaanza kulia, na huku analia anatabasamu. Alivuta pumzi mpaka nikaogopa ule moyo.

"Nataka kuishi," alisema. "Ningekuwa na moyo mzima ningemzaa huyu na ningemvalisha kama mfalme. Sina. Nimeomba, nimelala nayo, nimeamka nayo. Nawataka hawa watatu walioko uani wanione. Nitakwenda kwa daktari. Na nitamkumbuka huyu siku zote, na hilo nitalibeba mimi. Msiniambie ni jambo dogo, na msiniambie mimi ni muuaji. Ndilo nililochagua."

Anatory alimshika mkono. Mama Benadeta hakusogea. Kisha akasema, "Mimi siwezi kusema ni sawa, mwanangu. Nikisema nitakuwa nadanganya."

"Sikuombi useme ni sawa, mama. Nakuomba ubaki kuwa mama yangu."

Mama mkwe alisimama, akaichukua ile khanga ya mbeleko, akatoka akaenda migombani. Hatukumfuata. Nilimaliza ndizi zangu kwa sababu sikujua kingine cha kufanya, na zilikuwa nzuri.

Siku ya kwenda hospitali tulikuwa tunawasubiri bodaboda mimi na wao wawili, na nani tunamwona anakuja barabarani na chupa ya uji? Mama Benadeta, viatu vya kanisani. Hakutusalimia. Aliifungua ile khanga, akamfunika nayo Mama Edgar mabegani, maana asubuhi ilikuwa na baridi. "Moyo wangu bado unasema vile vile," alimwambia. "Lakini hutakwenda bila mimi." Na alikaa naye pale kitandani mpaka yote yalipokwisha, anamsugua miguu. Mimi nilikuwa natoka nje kila mara kujifuta macho nikisingizia vumbi. Vumbi gani, mvua ilikuwa inanyesha.

Daktari Ainembabazi alimwangalia mgonjwa wake vizuri, akaridhika. Kisha akaanza kuzungumza nao habari za kuzuia uzazi kwa siku zijazo. Kabla hajafika mbali, Anatory akanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

"Daktari. Mwanaume naye si anaweza kufungwa uzazi?"

"Anaweza. Ni jambo dogo kuliko kwa mwanamke."

Anatory akamgeukia mkewe. "Unaonaje?" Mke akasema, "Mwili wako huo. Amua wewe." Nilipenda sana hapo. Akafikiri kidogo, akarudi kwa daktari, akainama, akamnong'oneza, lakini kunong'ona kwa besi kunasikika wodi nzima.

"Na sauti? Haitapanda?"

Daktari alicheka mpaka akashika ukuta. Manesi wakacheka. Mama Edgar, amelala pale, dhaifu, akacheka kile kicheko chake, cha kwanza tangu mwezi wa kumi, na Mama Benadeta akajifunika uso kwa kitambaa chake cheupe, mabega yanatikisika. Anatory alifungwa mwezi uliofuata. Jumapili ya kwanza aliporudi kwaya, waliokuwa na habari walitega masikio. Madirisha yalitetemeka kama kawaida.

Wapo waliosema maneno. Wapo waliopeleka nguo zao kwa fundi mwingine, na wapo waliorudi, maana yule fundi mwingine hajui kukata shingo. Mama Edgar hakumficha mtu na hakumfuata mtu kumwelewesha. Akiulizwa kwa heshima anajibu. Akiulizwa kwa ufidhuli ananiita mimi. Siku nyingine, katikati ya kushona, mguu unasimama juu ya pedali, anaangalia barabarani. Najua yuko wapi. Namwachia. Baadaye mguu unaanza tena.

Sasa mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, senene wakashuka tena, na walikuwa wengi kweli kweli. Mama Edgar aliokota na wanawe tangu umande haujakauka. Adhuhuri alikuwa barazani anashona, na mama mkwe wake amekaa kwenye benchi langu ndani, amepumzika kabla ya kurudi nyumbani. Ile khanga amejifunga kiunoni. Akaingia Anatory.

"Habari za hapa, Mama Abdillah. Shikamoo mama." Na miguu ikampeleka yenyewe, ninaapa, kwenye jora la kahawia lenye michoro ya kijivu ambalo lilikuwa limenikalia miaka miwili. Akaligusa. Nikachukua mkasi, kwa unyonge.

"Nikukatie, shemeji?"

Mkono wa Anatory ulikuwa bado juu ya kitambaa. Kisha akauondoa, akaenda mlangoni, akatoa kichwa nje.

"Mama Edgar! Hivi wewe unapenda kipi?"

Cherehani ikanyamaza. Aliingia na uzi begani, akamtazama mumewe muda, akanitazama mimi, akasema, "Shusha vyote." Nikashusha vyote. Alivikagua mpaka nikakasirika. Alivinusa, alivivuta, alivipeleka mlangoni kwenye mwanga, na Anatory amesimama anashika majora mikononi bila kulalamika. Mwisho akachukua cha njano, kina maua mekundu makubwa, cha kelele kama yeye. Akajiwekea mwilini, akazunguka.

"Ni kikali sana hicho," Anatory alisema.

"Ndiyo," alisema mkewe, akacheka mpaka nje wakageuka.

Halafu akamwona Mama Benadeta kule kwenye benchi, mikono mapajani. Akaenda akachuchumaa mbele yake.

"Na wewe, mama? Unapenda kipi?"

Yule mama alitazama nyuma yake, akidhani kuna mtu mwingine ameingia. "Mimi? Chochote mtakachonipa nitavaa."

"Sikuuliza hivyo."

Akamwinua taratibu, akamleta mpaka kwenye meza. Mama Benadeta alisimama mbele ya vitambaa. Aligusa kimoja kwa ncha ya kidole, akauondoa mkono upesi. Akagusa kingine. Mwanamke amevaa nguo za senene tangu akiwa mwali, amebeba mimba tisa, na pale mezani kwangu akaishika ile khanga ya kiunoni kwa mikono miwili.

"Sijui ninachopenda," alisema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza. Wala nguo, wala kitu kingine."

Anatory aliweka majora chini. Mama Edgar alivuta kigoda, akamketisha, akasimama nyuma yake na mikono mabegani mwake.

"Tuna muda, mama," alisema. "Angalia tu."

Nikaanza kuvionyesha upya, kimoja kimoja.